Kuatamia, Kuangua na Kutotoa: Historia Fupi ya Maneno ya Kuku na Mayai Yake

Watunga istilahi huona fahari kushughulika na maneno ya sheria, fizikia na benki, na ni nadra kwao kuinama wakachungulia ndani ya banda la kuku. Hata hivyo, humo bandani mna istilahi ambazo zimekuwa zikitumika karne nyingi kabla ya kuwapo kamati yoyote ya lugha. Kwa kuwa siku hizi maneno hayo yanaazimwa na hospitali, viwanda na ofisi za serikali, hatuna budi kuyachunguza upya na kuona yalitoka wapi, na ni mahali gani yameanza kuchanganyikiwa.

Tuanze na kuku mwenyewe. Wataalamu wanakubaliana kuwa asili ya ndege huyu ni kuku wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba alifika kwetu akiwa tayari amefugwa. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi tangu karne ya 7 baada ya Kristo. Ingawa ni mgeni, jina lake limeenea katika lugha za Kibantu kana kwamba ni mwenyeji wa siku zote. Mswahili humwita kuku. Mnyakyusa wa Rungwe, umbali wa mamia ya maili kutoka pwani, humwita inguku. Ni dhahiri kwamba sauti ya ndege mwenyewe ilisaidia kuliimarisha jina hilo, lakini jambo la kuangalia ni kwamba mtu wa Kyimo anapojifunza neno la Kiswahili kuku hajifunzi neno geni. Anavua kiambishi tu.

Mambo hayawi rahisi hivyo tunapofikia kazi ya kuku juu ya mayai. Hapa Kiswahili kina vitenzi vitatu vikuu, na kila kimoja kina asili yake.

Cha kwanza ni atamia. Umbo lake lenyewe linasema. Kile kipande -ama tunakikuta katika inama, simama, chutama na otama, yaani vitenzi vinavyotaja namna mwili ulivyokaa. Otama ni kuchutama, na wako wasemao otamia badala ya atamia. Kiambishi -ia kinachofuata huonyesha kwamba mkao huo unafanywa juu ya kitu au kwa ajili ya kitu. Basi maana ya asili ya kuatamia ni kujikunyata juu ya jambo fulani. Haisemi lolote juu ya kifaranga. Kuku aliyekalia mawe ameatamia, na kuku aliyekalia mayai yasiyo na mbegu kwa siku 21 ameatamia pia, ingawa hatapata kitu. Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi husema kulalia, na maana ni ile ile.

Cha pili ni angua. Neno hili linachukuana na anguka, na kazi yake ya kwanza ni kushusha kitu kilichoshikamana na kingine: kuangua nazi, kuangua maembe. Vile vile mtu huangua kicheko au kilio, yaani kitu kilichokuwa kimezuiwa ndani kinatoka kwa ghafula. Kuangua mayai kumo katika fungu hilo la pili. Gamba linavunjika, kilichofungwa kinatoka. Kwa mkulima wa Kyimo, ambaye ana migomba, chai na miparachichi katika shamba moja, kitenzi hiki hutumika asubuhi kwa parachichi na jioni kwa vifaranga. Wala hapana ubaya katika hilo. Lugha zote hufanya hivyo.

Cha tatu ni totoa, ambacho kimezaliwa na toto. Hiki hakizungumzii mkao wala gamba, bali kiumbe kinachopatikana. Mwenye kushangaa kwa nini tunasema totolesha, na herufi l imetoka wapi, na akumbuke fungua na fungulia, chukua na chukulia. L hiyo ilikuwapo zamani mwishoni mwa mashina haya. Imemezwa katika umbo fupi, nayo hujitokeza kila neno linaponyumbuliwa.

Maneno haya yalisanifiwa pamoja na lugha yote. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo kamusi yake, iliyohaririwa na Frederick Johnson, ilitoka mwaka 1939. Atamia na angua yamo humo, nayo yamo tena katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Kwa hiyo lugha sanifu ya kuku ni lugha ya banda la pwani. Huko Rungwe wamisionari wa Kijerumani walioingia mwaka 1891 walihubiri na kufundisha zaidi kwa Kinyakyusa, na Kiswahili kilikuja hasa kwa njia ya boma, soko na shule. Kilipata nguvu mpya katika mwaka wa Azimio la Arusha, pale serikali ilipoagiza kazi zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na BAKITA likaundwa kwa sheria mwaka huo huo wa 1967. Kisha yakaja madarasa ya elimu ya watu wazima, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Tangu hapo bibi shamba na bwana shamba waliingia vijijini na vijitabu mkononi.

Mafundisho yenyewe juu ya kuku anayeatamia ni mepesi, na wazee wengi walikuwa wakiyajua kabla ya kuandikwa. Kuku akianza kung'ang'ania kiota, akavimbisha manyoya na kulia kwa sauti nzito ya kukokora, yuko tayari. Awekewe kiota chenye majani makavu mahali penye giza kidogo, mbali na jogoo na watoto. Apewe mayai 10 hadi 13 kulingana na ukubwa wake, maana yai linalobaki nje ya mbawa hupoa. Katika nchi ya baridi na mvua nyingi kama hii iliyo chini ya mlima Rungwe, jambo hilo si dogo. Maji na mahindi yawe karibu ili akitoka mara moja kwa siku asikawie. Anayetaka vifaranga wengi wa rika moja huokota mayai kila siku, akayaandika tarehe kwa penseli, kisha akawaatamisha kuku kadhaa jioni moja.

Yote haya yanaeleweka kwa neno lolote kati ya yale matatu, kwa sababu kuku mwenyewe ndiye anayejua lini aache kugeuza mayai na lini atulie. Matatizo huanza pale mashine inapochukua nafasi yake.

Kutotoa mayai bila kuku si jambo la jana. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri walifukia mayai katika samadi yakatoa vifaranga, na matanuri yao ya matofali yalijulikana sana baadaye. Mfaransa Réaumur alitoa kitabu chake juu ya ufundi huo mwaka 1749. Mwaka 1879, katika mji wa Petaluma huko California, Lyman Byce alianza kutengeneza mashine iliyoufanya mji huo kuwa maarufu kwa mayai. Kutoka huko chombo hiki kilienea duniani, nacho kilipofika kwetu kilikuta maneno yamejaa tele. Matokeo yake ni kwamba leo tunasoma kiatamizi, kiangulio, kitotoleshi, mashine ya kutotolea na inkubeta, wakati mwingine katika kijitabu kimoja.

Kwa maoni yangu wingi huu si utajiri. Tuseme wafugaji wa Kyimo wamechanga fedha na kununua mashine ya mayai mia moja. Kijitabu chao, kilichotafsiriwa kwa haraka, kinasema katika ukurasa wa pili kuwa wakati wa kuangua mayai yageuzwe angalau mara 3 kwa siku. Na katika ukurasa wa tano kinasema kuwa wakati wa kuangua mashine isifunguliwe. Mfasiri alijua alichokusudia. Pa kwanza alimaanisha siku 18 za mwanzo, pa pili alimaanisha zile 3 za mwisho. Msomaji hana njia ya kujua. Akifuata ukurasa wa pili hata siku ya 20, atafunua kifuniko, unyevu utatoka, utando ulio chini ya gamba utakauka, na kifaranga aliyekwisha kutoboa atanaswa humo humo afe. Mchango wa kijiji kizima utakuwa umepotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Dawa iko katika lugha yenyewe. Wataalamu wa kuku hugawa kazi hiyo mara mbili: siku 18 za kwanza mayai hukaa katika joto la takriban nyuzi 37.7 za Selsiasi na kugeuzwa. Siku 3 za mwisho huhamishiwa penye unyevu mwingi zaidi na kuachwa. Katika viwanda vikubwa hizo ni mashine mbili. Naona yafaa ile ya kwanza iitwe kiatamizi, maana inatenda lile tendo la mkao na subira, na ya pili iitwe kitotoleshi. Maumbo yote mawili ni halali. Atamiza hutoa kiatamizi kama vile punguza hutoa kipunguzi, na totolesha hutoa kitotoleshi kama vile unganisha hutoa kiunganishi. Angua libaki kwa tendo la kuku na kifaranga, siku ile gamba linapovunjika. Chombo cha kuwapa joto vifaranga waliokwisha kutoka kina jina lake tayari, kinengunengu, na sioni sababu ya kuandika bruda.

Mgawanyo huu una faida nje ya banda pia. Madaktari husema ugonjwa unaatamia mwilini kabla dalili hazijaonekana, na neno hilo limekaa vizuri, maana kinachotajwa ni kukaa kwa kimya. Vijana waliochukuliwa mwaka 2023 katika mradi wa Wizara ya Kilimo wa Jenga Kesho Iliyo Bora walipelekwa katika vituo atamizi, na hapo tena kuku ametoa neno lake bila kulipwa. Mimi ningesita tu kwa chombo cha hospitali cha kuwatunzia watoto njiti. Mtoto huyo amekwisha kuzaliwa, na kinachofanana na hali yake ni kinengunengu kuliko kiatamizi. Lakini kumwambia mama kwamba mwanawe yuko kinengunenguni ni jambo ambalo sina ujasiri wa kulipendekeza; afadhali tuseme chombo cha joto, tuishie hapo.

Limebaki neno viza. Kwa kawaida yai lolote lisilotoa kifaranga huitwa viza. Lakini anayemulika mayai kwa tochi gizani siku ya 7 huona mambo matatu mbalimbali: yai linalopenya mwanga wote kwa kuwa halikuwa na mbegu, yai lenye duara la damu ambalo kiini chake kimekufa, na yai lenye mishipa iliyotanda kama mizizi, ambalo ni zima. Yale mawili ya mwanzo yanahitaji majina mbalimbali, kwa sababu la kwanza linamshitaki jogoo, na la pili linamshitaki aliyeyahifadhi mayai au aliyeuacha moto upoe. Napendekeza la kwanza liitwe yai tasa na la pili yai mfu, na viza libaki kwa lile lililooza, ambalo wafugaji wengine huliacha kiotani makusudi ili kuku arudi kutaga pale pale.