Shemita
Shemita ni mwaka wa saba katika mzunguko wa kilimo wa Kiyahudi, ambapo mashamba ya Nchi ya Israeli hupumzishwa. Msingi wake ni Torati: Kutoka 23, Walawi 25 na Kumbukumbu la Torati 15. Mwaka huo watu hawapandi wala hawavuni kwa biashara. Kinachoota chenyewe ni cha wote, na mwenye shamba huchuma sawa na maskini, mgeni na hata mnyama wa porini. Zao likiisha kondeni, akiba yake ya nyumbani nayo hutolewa. Hapa ndipo penye uzito wa amri hii: maskini haombi, huchukua kilicho haki yake, kwa kuwa ardhi ni mali ya Mungu.

Mwisho wa mwaka madeni hufutwa. Wakopeshaji walipoanza kuwanyima wahitaji mikopo kwa kuhofia hilo, Hillel, mwalimu wa sheria ya Kiyahudi, katika karne ya 1 KK, aliweka prozbuli, hati ya kuyakabidhi madeni kwa mahakama ili yaendelee kudaiwa. Kwa ajili ya shemita ya 1888–1889 baadhi ya marabi waliruhusu mashamba yauzwe kwa muda kwa wasio Wayahudi, ili kilimo kiendelee. Ubishi juu ya ruhusa hiyo haujaisha. Shemita ijayo itaanza Septemba 2028.