Shule ya kijiji ni ya nani? Mifuko mitano na mlango wa kila mmoja

Choo cha shule kikiporomoka, au darasa likikosa mwalimu tangu Januari, mzazi aende kwa nani? Hilo ndilo swali nililoulizwa zaidi ya lolote katika miaka niliyokuwa mwakilishi wa darasa kwenye chama cha wazazi, katika shule moja ya msingi upande wa Magarini. Mwenye kuuliza huwa tayari amezunguka. Shuleni ameambiwa aende kwa mbunge. Kwa mbunge ameambiwa awaone watu wa kaunti. Kaunti wamemwambia hilo ni la wizara. Amelipa bodaboda mara tatu na choo kiko vile vile.

Watu hudhani wanazungushwa kwa makusudi. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni kwamba shule moja ya umma hulishwa na mifuko mitano, na kila mfuko una sheria yake, mwenyewe wake na mambo unayoruhusiwa kulipia. Naieleza hapa mifuko hiyo, pamoja na bodi inayoisimamia shule, ili msomaji wa Marafa, Bamba, Langobaya au Takaungu ajue mlango wa kubisha kabla ya kutoa nauli.

Tulikotoka

Wazee wetu wanakumbuka shule za halmashauri. Baada ya uhuru, shule za msingi za mashambani zilikuwa mikononi mwa halmashauri za kaunti, hadi serikali kuu ilipozichukua mwaka 1970. Herufi DEB ambazo bado zaonekana kwenye vibao vya shule nyingi ni kumbukumbu ya bodi za elimu za wilaya za enzi hizo. Shule nyingine zilianzishwa na misheni, kama kule Rabai ambako wamishonari walifika katika miaka ya 1840, na nyingine nyingi zilisimama kwa harambee: mwananchi alitoa ardhi, kina mama wakabeba maji na mawe, kijiji kikachanga mabati.

Karo iliondolewa kwa darasa la kwanza hadi la nne mwaka 1974, lakini michango ya majengo ikachukua nafasi yake. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikaanzisha elimu ya msingi bila malipo. Kisha Katiba ya 2010 ikagawa kazi. Shule za msingi na za sekondari zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vikaenda kwa kaunti. Mgawanyo huo ndio chanzo cha kuzungushwa kwingi tunakokuona leo.

Mfuko wa kwanza: Wizara ya Elimu

Wizara hutoa mgao kwa kila mwanafunzi. Viwango vilivyowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari msingi, na 22,244 katika sekondari ya kutwa. Fedha hutumwa kwa mihula mitatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Huingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule.

Tufanye hesabu. Shule ya msingi yenye watoto 400 inastahili shilingi 568,000 kwa mwaka. Yaonekana nyingi, lakini ni chini ya shilingi 4 kwa mtoto kwa siku. Humo mnatoka chaki, karatasi, stima, maji, ukarabati mdogo na mshahara wa bawabu. Tena hiyo ni hesabu ya karatasi. Tangu 2018 serikali hununua vitabu yenyewe na kuvipeleka shuleni, kwa hiyo sehemu hiyo ya mgao haifiki kwenye akaunti. Na fedha hukawia. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu ile 22,244 kamili. Mzazi akisikia "fedha hazijaingia", mara nyingi ni kweli. La kuuliza ni zimeingia ngapi, na lini.

Mfuko wa pili: TSC

Walimu ni wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, chombo huru kilichowekwa na Katiba. Huwaajiri, huwalipa, huwahamisha na huwaadhibu. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kumwajiri mwalimu wa TSC wala kumfuta, na mbunge pia hana. Mwalimu akikosekana, bodi ya shule hupeleka maombi kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, na malalamiko juu ya mwenendo wa mwalimu huenda huko huko.

Wapo pia wale tunaowaita walimu wa bodi. Hao huajiriwa na shule kuziba pengo, na mshahara wao hutoka mfuko wa tano, yaani kwa mzazi. Shule za mbali, kama zile za ndani ya Ganze au Adu, huwategemea sana kwa kuwa walimu wengi wakipangiwa huko huomba uhamisho mapema. Kwa hiyo mzazi maskini wa bara hujikuta akichangia mshahara wa mwalimu ambao mzazi wa mjini amelipiwa na TSC.

Mfuko wa tatu: Kaunti

Serikali ya Kaunti ya Kilifi inahusika na chekechea: kujenga madarasa yake na kuajiri walimu wake. Inahusika pia na vyuo vya ufundi. Basi katika uwanja mmoja utaona madarasa mawili yanayotazamana, moja la gavana na moja la rais, yakiwa na mwalimu mkuu yule yule. Paa la chekechea likivuja, nenda kwa mwakilishi wadi au ofisi ya elimu ya kaunti. Paa la darasa la tatu likivuja, hapo sipo.

Basari za kaunti zina utata wa aina hiyo hiyo. Kilifi ina wadi 35, na fedha za ufadhili wa masomo hugawiwa kwa wadi. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzuia kaunti kulipia basari za sekondari na vyuo vikuu bila mapatano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa kazi hiyo si ya kaunti kikatiba. Magavana wakakimbilia mahakamani. Mvutano huo ulikuwa Nairobi, lakini aliyesubiri ni mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa nyumbani.

Mfuko wa nne: NG-CDF

Huu ndio mfuko uliojenga madarasa mengi tunayoyaona mashambani. Ulianza mwaka 2003 na ukapewa sheria mpya mwaka 2015. Hupata si chini ya asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa, fedha hizo zikigawanywa kwa maeneobunge yote 290. Kilifi tunayo saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini.

Sheria ya 2015 inauruhusu mfuko huu kulipia kazi za serikali ya kitaifa pekee. Yaani darasa la msingi ndiyo, chekechea la. Mradi hupendekezwa na wananchi kwenye vikao vya wadi, halafu kamati ya eneobunge huuchagua. Shule isiyopeleka maombi yenye makadirio ya gharama na kumbukumbu za kikao cha bodi haina cha kusubiri. Wako watu husimama barabarani kumlilia mbunge pale gari lake linapopita, na hakuna karatasi iliyoandikwa.

Mfuko huu una kesi zake pia. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria yake ya 2013 mwezi Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria ya 2015 nayo inakinzana na Katiba. Wabunge wakakata rufaa. Shule inayopanga majengo ya miaka mitano isiweke mayai yote kwenye kapu hili.

Mfuko wa tano: Mzazi

Hapa ndipo penye machozi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwekwa, lakini kwa idhini ya Waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Na hata yakiidhinishwa, sheria inasema mambo mawili waziwazi: mtoto asinyimwe kuhudhuria shule kwa sababu hayakulipwa, na hakuna ruhusa ya kukusanya fedha pasipo kutoa risiti rasmi.

Nimewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa shilingi 200 za mtihani, asubuhi ya jua kali, wakitembea kilomita nne kurudi walikotoka. Mzazi hakuwa nazo asubuhi na hakuwa nazo jioni. Kilichopotea ni siku ya masomo. Sisemi wazazi wasichange. Uji wa adhuhuri katika mwaka wa ukame, au mshahara wa mwalimu wa bodi, bila mchango wetu haupo. Nasema mchango ukubaliwe kikaoni, uandikwe, utolewe risiti, na asiyejiweza asiadhibiwe kupitia mwanawe.

Kiti chetu: Bodi ya Usimamizi

Wenzetu wa mashambani kule Marekani huchagua bodi ya wilaya ya shule kwa kura, na kodi ya ardhi na nyumba za eneo lao ni sehemu kubwa ya fedha za shule. Sisi fedha zetu zatoka Nairobi na bodi haina uwezo wa kutoza kodi. Lakini bodi tunayo, na sheria imeipa nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Bodi huwa na wawakilishi sita wa wazazi au jamii, mmoja aliyeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mdhamini wa shule, mmoja wa makundi maalum na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Mwalimu mkuu ni katibu. Mwenyekiti wa chama cha wazazi na wenzake wawili huongezwa. Kazi ya bodi ni pamoja na kupokea fedha za shule na kuzitolea hesabu, kuhakikisha kuna vifaa, kuajiri wafanyakazi wasio walimu, na kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kuhusu mahitaji ya walimu.

Mdhamini, awe kanisa au jumuiya ya Kiislamu, ana viti vitatu na ana haki ya kushauri mambo ya kiroho, lakini sheria inamtaka aheshimu dini ya mtoto mwingine. Kwa pwani yetu, ambapo darasa moja lina Fatuma, Kadzo na Emmanuel, kifungu hicho ni muhimu kukijua.

Chama cha wazazi ni cha kila mzazi mwenye mtoto shuleni. Kamati yake huchaguliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mwakilishi mmoja kwa kila darasa pamoja na walimu wawili. Nimehudhuria mikutano ambayo wazazi hawakufika thelathini, wengi wakiwa kina mama waliotoka shambani, na wale wachache ndio waliomchagua mtu wa kukaa kwenye bodi kwa niaba ya mamia.

Ukinyimwa majibu

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na shule ya umma ni mojawapo. Andika barua fupi: mgao wa muhula huu ulikuwa kiasi gani, uliingia lini, ulitumika vipi. Majibu yatakiwa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mahesabu ya shule hukaguliwa na wakaguzi wa wizara, na bodi ina haki ya kuiona ripoti yao.

Kwa ufupi, choo cha darasa la msingi ni maombi ya bodi kwa NG-CDF na kwa wizara. Choo cha chekechea ni kaunti. Mwalimu ni TSC. Chaki na maji ni mgao. Mtoto aliyefukuzwa kwa michango ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na uende na jina la shule, tarehe na kiasi kilichodaiwa. Na mkutano mkuu wa wazazi ukitangazwa, nenda mapema na ubebe kalamu, uandike kila kiasi kitakachosomwa pale mbele. Mwaka ujao utakihitaji.