Apple-1: Bodi Iliyorudi Mikononi mwa Mafundi

Machi 5, 1975, kiasi cha watu 30 walikutana katika gereji ya Gordon French mjini Menlo Park, California. Kilichowaleta pamoja ni Altair 8800, kompyuta ya kuunganisha nyumbani iliyokuwa imepamba jalada la jarida la Popular Electronics mwezi Januari mwaka huo. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mtumiaji aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, akasoma majibu kwenye vitaa vidogo. Kikao hicho ndicho kilichozaa Homebrew Computer Club, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Steve Wozniak, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akisanifu vikokotoo katika kampuni ya Hewlett-Packard.

Wozniak aliondoka pale na wazo la kompyuta ambayo mtu angeiandikia kwa kibodi na kuisoma kwenye televisheni ya nyumbani. Kikwazo kilikuwa bei ya prosesa. Septemba 1975 kampuni ya MOS Technology ilifika kwenye maonyesho ya San Francisco ikauza prosesa yake mpya, 6502, kwa dola 25, wakati za washindani zilikuwa zikipita dola 100. Wozniak akaijenga kompyuta yake juu ya chipu hiyo. Programu ya kuiamsha aliiandika kwa kalamu kwenye karatasi, amri moja baada ya nyingine, na yote ikaenea ndani ya baiti 256.

Alichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niipende historia hii. Alitoa nakala za mchoro wa saketi akawagawia wanachama wa klabu bure, na waliokwama aliwasaidia kujenga. Yaani Apple-1, kabla haijawa bidhaa, ilikuwa mchoro wa kila mwenye mikono ya kazi. Biashara ilikuja kwa sababu wengi waliuchukua mchoro huo lakini hawakuwa na muda wa kulehemu. Steve Jobs akaliona pengo hilo, akashauri watengeneze bodi tupu na kuziuza. Ili kupata mtaji, Jobs aliuza gari lake la Volkswagen na Wozniak kikokotoo chake cha HP-65. Kampuni yao, Apple, ikaanzishwa Aprili 1, 1976. Muda si mrefu Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, akaagiza 50 kwa dola 500 kila moja, ila akataka bodi zilizokamilika, si tupu. Dukani bei ikawa dola 666.66, na mnunuzi bado alipaswa kujitafutia transfoma, kibodi, televisheni na kasha.

Zilitengenezwa kama 200 tu. Ilipotoka Apple II mwaka 1977, kampuni iliwapokea wenye Apple-1 waje wabadilishane, na bodi zilizorudishwa ziliharibiwa. Ndiyo maana mwaka 2014 jumba la makumbusho la Henry Ford lililipa dola 905,000 kwenye mnada wa Bonhams kwa moja iliyosalia.

Kwa bei hiyo, mpenzi wa kawaida hana njia ila kujenga yake, na wengi wamefanya hivyo. Mwaka 2003 ilitoka Replica 1, inayofanya kazi kama Apple-1 lakini kwa vipuri vya kisasa. Baadaye zikaja bodi kama Mimeo 1, zilizofuata kila njia ya shaba ya bodi ya asili. Wapo wanaoziita bandia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, mradi mjenzi aandike wazi kuwa yake ni nakala. Anayeketi leo na mchoro wa Wozniak anaufanyia kile kile ulichogawiwa kufanyiwa.

Kulehemu kwenyewe hakumshindi fundi redio yeyote mzoefu: soketi kwanza, kisha rezista na kapasita, na umeme unapimwa kabla ya kuchomeka chipu hata moja. Volti 5 zisipokuwa 5, ama zile 12 zikienda pasipo zao, vipuri vya miaka ya sabini vitaungua na huvipati tena kwa urahisi. Wengine hutafuta hata chipu zenye tarehe ya enzi ile. Tarakimu nne zilizopigwa mgongoni, tuseme 7618, maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 1976.

Vigumu kuliko vyote kupata ni rejista sogezi (shift registers), chipu zinazosogeza biti moja baada ya nyingine, na hapo ndipo ubunifu wa Wozniak unapoonekana. Kumbukumbu ilikuwa ghali, hivyo hakuitumia kwa skrini. Alichukua rejista saba za biti 1,024, akaziacha zizungushe herufi bila kusimama: sita hubeba herufi, ya saba hubeba alama ya mahali pa kuandika. Skrini ina mistari 24 ya herufi 40, jumla 960. Kwa kuwa herufi mpya huingia pale tu mzunguko unapoirudisha nafasi yake, huingia kama 60 kwa sekunde, na skrini nzima huchukua sekunde 16 kujaa.

Ukiwasha, skrini hujaa alama za ovyo. Unafuta, unabonyeza RESET, na mstari mmoja wa mshazari hutokea: prosesa iko hai. Mwongozo wa 1976 una jaribio fupi, 0: A9 0 AA 20 EF FF E8 8A 4C 2 0, kisha 0R. Herufi zote huanza kumiminika, nazo humwonyesha mjenzi ugonjwa ulipo. Biti ya kwanza ikikwama kwenye sifuri, A hutokea kama @ na C kama B, ila B yenyewe hubaki B. Hapo fundi hana haja ya kupapasa bodi nzima. Ataanza na rejista inayobeba biti hiyo.