Mizani Witiri

Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza albamu ya metali ya progresivu isiyo na mwimbaji hudhani wapigaji wanakosea. Gitaa linaanza, ngoma zinaitika, mguu wa msikilizaji unashika mwendo. Mara mguu uko hewani na wenzake wameshatua. Nililiona hilo Kitale, nilipomwekea kijana mmoja apigaye ngoma kanisani albamu ya kwanza ya kundi la Animals as Leaders, iliyotoka mwaka 2009. Alisikiliza kidogo, vidole vikigonga meza, kisha akasema, "Mwalimu, huyu ameruka pigo." Tukairudisha. Akagonga tena, akakwama palepale.

Hakuna pigo lililorukwa. Kinachowakwamisha wengi katika muziki wa aina hii ndicho ninachopendekeza tukiite mizani witiri: mpangilio ambao kila mzunguko wake una mapigo 5, 7, 11 au 13, badala ya yale 4 tuliyolelewa nayo katika nyimbo za kanisani, rumba na benga.

Maneno yote mawili tunayo tayari. Mizani ni ya washairi. Mwanafunzi wa sekondari Bungoma amezihesabu katika somo la ushairi: 8 za ukwapi, 8 za utao, jumla 16 katika mshororo. Kule huhesabiwa silabi, huku yatahesabiwa mapigo. Kazi ni ileile, kupima urefu wa kitu kinachojirudia. Witiri ni ya hesabu, kinyume cha shufwa: nambari ambayo ukiigawa kwa 2 hubaki 1. Hata kalenda ya jando la Wabukusu wa Bungoma hufuata mgawanyo huu, kwani vijana hutahiriwa miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, hasa mwezi wa Agosti. Mtu wa Bungoma basi hana haja ya kuelezwa kwamba kati ya shufwa na witiri kuna tofauti yenye uzito.

Wapo wanaoeleza jambo hili kwa kusema "mapigo yasiyo ya kawaida" au "midundo iliyovurugika." Napinga maelezo hayo kwa nguvu zote, kwa sababu yanamfundisha msikilizaji uongo. Muziki huu haukuvurugika hata kidogo. Mzunguko wa mapigo 7 hurudi kwa uaminifu uleule wa mzunguko wa 4. Katika albamu hiyo ya 2009, ngoma zilipangwa kwenye kompyuta na Misha Mansoor, aliyeitayarisha pamoja na mpiga gitaa Tosin Abasi; kompyuta haichoki wala hairuki pigo. Kinachotatanisha ni hesabu, na hesabu hufundishika.

Nilimfundisha yule kijana kwa njia wanayoitumia wapigaji wenyewe, kuigawa 7 iwe vifungu vifupi: moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu. Sauti hukazwa kwenye kila "moja," na kifungu cha mwisho huachwa kirefuke. Alipoacha kulitafuta pigo la nne na kuanza kungojea kifungu kile kirefu, mkono wake ulitulia. Anayetaka kuanza na kitu chepesi kuliko metali atafute "Take Five" ya kundi la Dave Brubeck, ya mwaka 1959, inayokwenda kwa mapigo 5. Anayetaka kujua mambo yanaweza kufika wapi asikilize "The Dance of Eternity" ya Dream Theater, ya 1999: ni ala tupu, haizidi dakika 7, na mizani hubadilika zaidi ya mara 100.

Kuna swali la haki hapa. Nambari 3 nayo si witiri? Ni witiri, na kwa hesabu kavu muziki wa mapigo 3 ungeingia humu. Lakini sikio limeshaizoea 3 kila mahali duniani, na wanamuziki hawaihesabu katika kundi hili. Istilahi ianzie 5, na mwalimu aseme hivyo waziwazi.

Swali gumu zaidi ni hili: kwa nini mtu aliyekulia kwenye ngoma ashangazwe? Chukua litungu la Wabukusu. Ni ala ya nyuzi 7 au 8 zilizovutwa juu ya kisanduku kilichowambwa ngozi. Mpigaji hukaa, mikono yote miwili ikidonoa, na vifungu vifupi hurudiwarudiwa huku mabega ya wachezaji wa kamabeka yakitikisika. Abasi naye ni maarufu kwa gitaa la nyuzi 8, na kurudiarudia vifungu vifupi ni tabia ya metali nzima. Lakini ngoma nyingi za Afrika huzunguka kwa mapigo 12, na 12 hugawika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Ndiyo maana mkono mmoja unaweza kwenda kwa 3 na mwingine kwa 2 bila ugomvi. Sikio letu ni hodari wa kupishanisha midundo ndani ya shufwa. Halijazoea mzunguko usiogawika, kama 7.

Upishanishaji wenyewe unahitaji jina lake, usichanganywe na witiri. Gitaa likienda kwa 7 na matoazi yakabaki kwenye 4, viwili hivyo huachana, kisha hukutana tena baada ya mapigo 28. Hiyo ningeiita mizani mtambuka. Kungojea mkutano huo ndiyo raha kubwa ya muziki huu, na asiyehesabu huikosa.

Kuhusu kukosekana kwa mwimbaji, nisikawie. Waswahili walishazoea ala tupu zamani: taarab ya Zanzibar, ambako Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, ina bashraf, kipande kisichoimbwa.

Walimu wa muziki na waamuzi wa mashindano, kutoka Kitale hadi Bungoma, nawasihi: mnapoeleza mapigo 5 au 7 kwa Kiswahili, semeni mizani witiri, kisha wapeni wanafunzi nafasi ya kuyahesabu kwa mikono yao.