Gh ya Yoghurt

Neno "yoghurt" kwenye vikombe vya plastiki madukani lina herufi mbili za kushangaza katikati: gh. Mwingereza haitamki sauti hiyo. Mturuki wa Istanbul naye siku hizi haitamki. Imefikaje hapo?

Neno ni la Kituruki. Shina lake lina maana ya kuwa zito, na ndilo lililozaa yoğurmak, yaani kukanda, kama tunavyokanda unga. Nasi tulifikiri karibu vivyo hivyo: maziwa mgando ni maziwa yaliyoganda. Lugha mbili zisizo na undugu ziliyatazama maziwa yakibadilika, kila moja ikayaita kwa kile ilichokiona.

Mahmud al-Kashgari aliliingiza neno hilo katika kamusi aliyoiandika Baghdad miaka ya 1070, akiwafundisha wasomaji wa Kiarabu lugha ya Waturuki na kuitetea heshima yake. Nakala moja tu ya kamusi hiyo ndiyo iliyosalia, ya mwaka 1266.

Waosmani waliandika Kituruki kwa herufi za Kiarabu, na sauti ile ya katikati waliiandikia ghaini. Kiingereza kilipolichukua neno katika karne ya 17, ghaini ikawa gh. Lakini midomo ya Waturuki iliendelea kuilegeza. Uturuki ilipohamia herufi za Kilatini mwaka 1928, mahali pake pakakaa ğ, herufi ambayo leo karibu haisikiki. Wafaransa nao husema yaourt, bila gh yoyote.

Sayansi na biashara zikalisukuma neno mbali zaidi. Mwaka 1905, Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva, alitambua bakteria wa maziwa ya kwao. Ilya Mechnikov wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akayasifu kwamba yanarefusha maisha. Mwaka 1919, Isaac Carasso, mtu wa Thessaloniki, mji uliokuwa wa Waosmani hadi 1912, alianzisha Danone mjini Barcelona, na mwanzoni bidhaa yake iliuzwa katika maduka ya dawa. Wabulgaria wenyewe huyaita kiselo mlyako, yaani maziwa machachu. Bakteria akapewa jina la Bulgaria. Chakula kikabaki na jina la Kituruki.

Basi yoghurt ilitufikia ikiwa na sifa za maabara na duka la dawa, ikakuta mtindi ukiwa na sifa za kibuyu. Bakteria wao si lazima wawe wale wale, lakini si bakteria wanaotufanya tuuone mmoja kuwa wa kisasa na mwingine wa kijijini. Ni safari ya jina.

Na kuna jambo linalonifurahisha. Sauti iliyofifia Istanbul, sisi tunayo: lugha, ghafla, ghala. Mswahili anaweza kuitamka yoghurt kwa gh kamili, karibu na alivyoiandika Kashgari. Anaweza pia kusema mtindi, bila kuona haya.