Nafasi ya kupandia mboga

Nafasi ya kupandia mboga ni umbali unaoachwa kati ya mstari na mstari, na kati ya mche na mche, katika bustani ya mboga. Kwa kawaida huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano sm 60 × 45. Namba ya kwanza ni umbali wa mistari, ya pili ni umbali wa miche ndani ya mstari. Kwa namba hizo mbili mkulima anaweza kujua idadi ya miche anayohitaji kabla ya kununua mbegu.

Sababu za kuacha nafasi

Mimea iliyobanana hugombania mwanga, maji na rutuba. Kabichi hufunga vichwa vidogo au hazifungi kabisa, karoti hubaki nyembamba au hujisokota, na majani ya nyanya huchelewa kukauka baada ya mvua au umande, hali inayostawisha ugonjwa wa bakajani. Nafasi kubwa mno nayo ina hasara: udongo ulio wazi hukauka upesi na kuota magugu.

Nafasi huamua pia ukubwa wa zao. Vitunguu maji vilivyopandwa karibukaribu huwa vidogo. Vilivyoachana sana huwa vikubwa lakini huchelewa kukomaa. Kwa hiyo vipimo vinavyopendekezwa si amri. Mwenye wateja wanaotaka kabichi ya kutosha mlo mmoja ana haki ya kubana miche yake kidogo.

Vipimo vya kawaida

Kabichi na sukuma wiki hupandwa kwa sm 60 × 45 hivi, nyanya za kusimikiwa miti sm 60 hadi 75 kwa 50 hadi 60, vitunguu maji sm 20 hadi 30 kwa 10. Karoti hazihamishwi kutoka kitaluni. Husiwa kwenye mistari iliyoachana sm 20 hadi 30, kisha miche iliyozidi hung'olewa mpaka ibaki sm 5 hadi 8 kati ya mmoja na mwingine. Wengi huona uchungu kung'oa mche wenye afya, ndiyo maana karoti nyingi za nyumbani ni nyembamba kama kidole. Mchicha wa kung'oa na mizizi huweza kusongamana, ila ule wa kuchuma majani mara kwa mara huhitaji sm 20 au zaidi.

Mboga mbili tofauti zikipandwa pamoja, hujumlishwa nafasi ya kila moja na kugawanywa kwa 2. Kabichi (sm 45) na saladi (sm 25) huachana sm 35.

Kukokotoa idadi ya miche

Kanuni ni kugawanya eneo kwa nafasi ya mche mmoja. Kwanza sentimita zigeuzwe kuwa mita: sm 60 × 45 ni 0.6 × 0.45, yaani mita za mraba 0.27. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 lina mita za mraba 12. 12 ÷ 0.27 ni 44, yaani mistari 2 ya miche 22.

Hesabu hiyo hukubali tu iwapo mche wa kwanza unaanzia nusu ya nafasi kutoka ukingoni. Anayeanza ukingoni kabisa hupata mche mmoja zaidi kwa kila mstari: mita 10 kwa nafasi ya sm 50 zina nafasi 20 lakini miche 21. Mche huo wa ukingoni hukanyagwa, na mizizi yake hufunuliwa udongo unapomomonyoka.

Kosa lenye gharama zaidi ni kusahau njia. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, nayo kwa kanuni hiyo huchukua kabichi 15,000 hivi. Lakini shamba la matuta ya mita 1.2 yenye njia za sm 40 katikati hupoteza robo ya eneo, hivyo miche inayoingia ni 11,200 hivi. Anayeagiza 15,000 hubaki na miche karibu 3,800 inayonyauka kitaluni. Kuongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kuziba mapengo kunatosha.

Miche ikipandwa kwa pembetatu, yaani kila mche ukielekea pengo la mstari wa jirani, mistari yaweza kusogezwa hadi 0.87 ya nafasi ya mche. Kwa sm 30 mistari huachana sm 26, na shamba kubwa huchukua miche zaidi kwa asilimia 15 hivi. Katika tuta jembamba faida hupatikana tu ikiwa mstari mmoja zaidi unaingia.

Kupima bustanini

Kamba iliyofungwa kwenye vigingi viwili hunyoosha mstari. Vipimo vya zamani vya mwili bado hutumika: mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni karibu sm 45, na shibiri ni nusu yake. Kwa kuwa mikono ya watu hailingani, wapandaji wawili wa tuta moja hukata kijiti kimoja cha urefu unaotakiwa, na kila mmoja hukata chake kwa kukilinganisha na hicho.