Nguvu Iliyo Mkononi mwa Mtu wa Chini

Ndugu msikilizaji, likitajwa neno sayansi, wengi wetu humfikiria profesa. Leo nataka tuitazame sayansi moja ambayo, kwa jinsi ninavyoiona mimi, historia yake imetengenezwa zaidi na watu wasio maprofesa: wauguzi wa zamu na wahudumu wa wodini, wale ambao kazi yao ni kulisha, kuogesha na kufunga milango. Ni elimu ya kurekebisha tabia, ambayo siku hizi hutumika sana huko Marekani katika kuwafundisha watoto wenye usonji.

Mizizi yake imo katika kazi za B. F. Skinner, Mmarekani aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1938 baada ya majaribio mengi kwa panya. Hoja yake ni nyepesi kuisema. Tendo likifuatwa na jambo la kumfaa mtendaji, hurudiwa. Lisipofuatwa na lolote, hufifia. Wahenga walituambia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi wa Skinner angeuliza: alisifiwa lini, na kwa tembo gani?

Panya ni panya, lakini binadamu je? Jibu mojawapo la mapema lilitoka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weyburn, jimbo la Saskatchewan, nchini Canada. Mwaka 1959 Teodoro Ayllon na Jack Michael walichapisha taarifa ya kazi iliyofanywa hapo na wauguzi wa kawaida. Palikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamke, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiingia ofisini mwa wauguzi na kuwasumbua. Waliwahi kumtoa kwa maneno, wakamtoa kwa kumsukuma, mwishowe wakakata shauri kwamba haelewi kitu.

Kwanza wauguzi waliambiwa wahesabu tu. Ikaonekana anaingia kwa wastani mara 16 kwa siku. Kisha wakaambiwa kwamba akiingia wasimjali: wasimkemee, wasimtoe. Ilipofika wiki ya saba alikuwa akiingia mara 2 tu kwa siku.

Kumbe kule kukemewa na kushikwa mkono ndiko kulikokuwa malipo yake! Wauguzi walidhani wanamzuia, kumbe wanamlipa. Ndiyo maana somo la kwanza la kazi hii, hata leo, ni kuandika mambo matatu kabla ya kutoa hukumu: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata.

Lipo na jambo la pili ambalo mhudumu asipolijua ataharibu kazi. Tabia inayonyimwa malipo yake mara nyingi hupamba moto kwanza ndipo ifife. Aliyezoea kufunguliwa akigonga mlango, asipofunguliwa hugonga kwa nguvu zaidi. Mhudumu akichoka siku ya tatu akafungua, basi amemfundisha mwenzake kugonga kwa nguvu.

Tukio jingine lilichapishwa mwaka 1964 na Montrose Wolf, Todd Risley na Hayden Mees. Katika jimbo la Washington alikuwako mtoto mwenye usonji, wa umri wa miaka 3 na nusu, aliyeondolewa lenzi za macho kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto wa jicho. Daktari alionya kwamba asipoanza kuvaa miwani ndani ya miezi 6, atapoteza kabisa uwezo wa kuona vizuri. Naye mtoto hakutaka miwani imguse.

Wahudumu walianza na fremu tupu, bila vioo. Akiigusa, anapewa kipande cha chakula. Akizoea kuigusa, hapewi tena mpaka aishike. Kisha mpaka aisogeze usoni. Ni kama mfinyanzi na udongo: mtungi hautoki kwa pigo moja, nami naiita kazi hiyo kufinyanga. Mtoto yule akaja akavaa miwani yake kutwa.

Tusifiche lakini kwamba pipi na matunda havikumvuta vya kutosha, ikabidi mlo wake wenyewe ufanywe malipo. Macho yaliokolewa. Hata hivyo swali lilibaki: je, chakula cha mtu ni cha kuwekewa sharti? Mwaka 1972, katika kesi ya Wyatt dhidi ya Stickney huko Alabama, Jaji Frank Johnson aliweka viwango vya hospitali za akili, na katika viwango hivyo mlo ni haki ya mgonjwa. Si zawadi ya kumpa au kumnyima.

Mwaka huohuo wa 1972 yakafichuka ya kituo cha Sunland, mjini Miami. Wachunguzi walikuta kwamba watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wakichapwa kwa kibao, wakifungiwa vyumbani na kunyimwa chakula, na hayo yote kwa jina la kurekebisha tabia. Watumishi walikuwa wa ngazi ileile ya wale wa Weyburn. Lakini pale Weyburn mtu alihesabu kwanza, na mkubwa wake alikuwa karibu akisimamia. Sunland walishika adhabu, wakaiacha elimu.

Aibu ile ndiyo iliyozaa kanuni za Florida na mitihani ya wenye kufanya kazi hii. Mwaka 1998 ikaundwa bodi ya kutoa vyeti, na mwaka 2014 kikaja cheti cha fundi wa tabia wa ngazi ya kwanza. Anayekitaka awe na miaka 18, awe amemaliza sekondari, apate mafunzo ya saa 40, na asimamiwe kwa angalau asilimia 5 ya saa zake za kazi.

Saa 40, ndugu msikilizaji, ni wiki moja ya kazi. Na huyo ndiye anayekaa na mtoto muda mrefu kuliko mtaalamu yeyote. Leo watu wazima wenye usonji, waliopitia mafunzo haya utotoni, wanasema wazi kwamba walizuiwa hata kupunga mikono, jambo lisilomdhuru mtu, ili tu wafanane na wengine. Mimi naona wasikilizwe. Fundi afundishwe kuuliza, kabla ya kufuta tabia yoyote: inamsaidia nini mtoto huyu, na nikiiondoa nitampa nini badala yake? Fundi asiyejua kuuliza hivyo amepewa nguvu bila elimu, na ya Sunland tumeyasikia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.